Dhamana ya Kompyuta Isiishie Karuma

Ni jambo lisilofichika ya kuwa kompyuta ya mkononi, ile ambayo askari wengi huiita laptopu, imekwisha kuingia katika kambi zetu na katika vituo vya polisi kama vile redio ilivyoingia zamani katika nyumba za baba zetu. Koplo anayesomea shahada nje ya saa za kazi anayo. Inspekta anayetayarisha majalada ya kesi anayo. Mwalimu wa shule ya msingi mjini Koboko, ambaye mumewe ni sajini, anayo, na kijana wa luteni aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Muni, hapa Arua, hawezi kuuanza muhula pasipo nayo. Wengi wameipata kwa mkopo wa chama cha akiba, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, na mkopo huo hukatwa katika mshahara kila mwezi, kompyuta iwe inafanya kazi au iwe imelala sandukuni ikiwa imekufa.

Hapo ndipo penye shauri la makala haya. Katika bei ya kila kompyuta mpya, mnunuzi amekwisha kulipia, pamoja na ile mashine yenyewe, gharama ya kutengenezewa bure endapo itaonekana kuwa na kasoro iliyotoka kiwandani. Mnunuzi wa Kampala hulipia huduma hiyo na huipata, kwa kuwa wakala yuko mtaa wa pili. Mnunuzi wa Arua hulipa bei ile ile, pengine na zaidi, na wa Koboko vivyo hivyo. Lakini siku ya kudai huambiwa aipeleke mashine mji mkuu, mwendo wa karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma. Matokeo yake ni kwamba wengi hawadai kamwe. Nasema ya kuwa hali hiyo si ya haki, na kwamba dawa yake iko karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kwa askari, waranti tangu zamani ina sura mbili: karatasi ya hakimu ya kumkamata mtu, na karatasi ya safari impayo askari nafasi katika gari. Hii ya tatu, ambayo kwa Kiswahili safi ni dhamana, haifanani na hizo. Ni ahadi ya maandishi ya mwenye kiwanda kwamba kwa muda uliotajwa, ambao kwa mashine nyingi za nyumbani ni mwaka mmoja na kwa mashine za ofisini huweza kufika miaka mitatu, atakiondoa kwa gharama yake kila kifaa kitakachoharibika kwa sababu ya ubovu wa vitu alivyovitumia au wa kazi aliyoifanya. Si hisani. Anayeidai dhamana haombi msaada, anadai deni, wala hana haja ya kukunja mikono mbele ya meza ya muuzaji kama mtu aliyefika ofisini kwa shida zake.

Kuna dhana iliyoenea katika kambi na hata katika maduka, ya kuwa viwanda vikubwa vya ng'ambo havikosei, na kwa hivyo kompyuta ikifa, mwenye nayo ndiye aliyeiua. Habari za miaka ya karibuni zinakataa. Mwezi wa Agosti 2006 kampuni ya Dell ilitangaza kuzirudisha betri zipatazo milioni 4.1, na siku chache baadaye Apple ikaziita betri zake milioni 1.8. Zote zilikuwa na seli zilizotengenezwa na Sony, na ila yao ilikuwa ni chembe ndogo za madini zilizobaki ndani wakati wa kutengenezwa, ambazo ziliweza kuunganisha umeme mahali pasipostahili mpaka betri ikawaka moto. Hakuna mnunuzi aliyezitia chembe hizo. Mwezi wa Julai 2008 kampuni ya Nvidia, ambayo hutengeneza chipu za kuonyesha picha, ilitangaza ya kuwa ingetenga dola kati ya milioni 150 na milioni 200 kwa ajili ya dhamana, kwa sababu vitu vilivyotumiwa kuziunganisha baadhi ya chipu za kompyuta za mkononi vilikuwa dhaifu na havikustahimili kupata moto na kupoa kila siku. Mwenye mashine ya namna hiyo aliona skrini ikijaa michirizi au ikizimika kabisa, na bila shaka wako waliojilaumu wenyewe.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi watu wa vumbi zaidi. Tangu mwaka 2015 Apple ilitia katika kompyuta zake kibodi nyembamba mno, ambayo punje ndogo tu ya vumbi ilitosha kuzuia kitufe kisibonyee au kukifanya kiandike herufi mara mbili. Kwanza walalamikaji walionekana kuwa wachache. Wakazidi, wakaandika, wakahesabiwa. Na mwezi wa Juni 2018 kampuni ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure kibodi hizo kwa muda wa miaka minne tangu siku ya kununuliwa. Mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 ili kuimaliza kesi, lakini fedha hizo ziliwahusu wanunuzi wa majimbo saba ya Marekani peke yake. Tazama tofauti iliyopo hapo. Mpango wa matengenezo ulimfikia mwenye mashine kwa sababu ya mashine yake. Fidia ilimfikia kwa sababu ya sheria ya mahali alipoinunua. Huko Ulaya nako, tangu agizo lililopitishwa mwaka 1999, muuzaji hubeba jukumu la kasoro kwa muda usiopungua miaka miwili, kiwanda kipende kisipende.

Sasa turudi nyumbani. Neno ambalo mteja wa Nile Magharibi hulisikia kwanza anapopeleka mashine yake ni hili: "Umeme wa kwenu ndio ulioiharibu." Neno hili lina historia. Kwa miaka mingi mkoa huu ulikaa nje ya gridi ya taifa, ukategemea jenereta, na baadaye bwawa dogo la Nyagak lililoanza kazi mwaka 2012 likiwa na uwezo wa megawati 3.5 tu kwa mkoa mzima. Umeme ulikuja na kuondoka, ukapanda na kushuka. Kila mtu aliyeishi Arua wakati huo anajua jinsi taa ilivyoweza kung'aa kama jua kwa dakika moja na kufifia kama kibatari dakika ya pili. Lakini historia hiyo isiwe kisingizio cha kudumu. Geuza chaja yako usome maandishi madogo yaliyo mgongoni: chaja karibu zote za kompyuta za mkononi zimeandikwa kuwa zinapokea umeme wa volti 100 hadi 240. Kiwanda chenyewe ndicho kilichoandika hivyo. Umeme ukishuka mpaka volti 180, bado mteja yumo ndani ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji, na anayesema kuwa umeme hafifu ndio ulioua mashine anapaswa kueleza kwa maandishi ni kifaa kipi kilichoungua na kwa alama gani.

Hata hivyo haki ina pande mbili. Radi ikipiga nguzo, au jenereta isiyo na kidhibiti ikirusha umeme wa kupita kiasi, kiwanda hakina deni. Chai ikimwagika juu ya kibodi, hakina deni. Mashine ikianguka kutoka katika bodaboda kwenye barabara ya Rhino Camp, hakina deni. Askari asidai kwa uongo, kwa sababu mafundi wa viwanda wanayo macho. Baadhi ya mashine zina vijikaratasi ndani vinavyobadilika rangi vikiguswa na maji. Yafaa pia kujua ya kuwa betri mara nyingi hupewa muda mfupi kuliko mashine yenyewe, na kwamba nukta moja iliyokufa katika skrini yaweza kuhesabiwa kuwa si kasoro, maana viwanda hujiwekea kiasi cha nukta kinachovumiliwa. Mambo haya yote yameandikwa katika kile kijitabu chembamba ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi.

Nitatoa mfano wa koplo mmoja aliyekuwa na kikosi chake upande wa Koboko. Alinunua kompyuta mpya katika duka moja la Kampala, na katika mwezi wa nne skrini ikaanza kutoa mistari ya rangi, kisha ikawa nyeusi. Alipiga simu, akaambiwa ailete. Akaomba ruhusa ya siku tatu, akapanda basi la usiku, akafika, akaiacha. Aliambiwa asubiri wiki tatu. Baada ya wiki tano akapokea simu ya kumjulisha kuwa maji yameingia ndani, na kwamba akitaka skrini mpya alipe karibu nusu ya bei aliyonunulia. Wengi wetu hapo tungekata tamaa. Koplo huyu alikuwa amefanya mambo mawili: kabla ya kuondoka Koboko aliipiga picha mashine yake pande zote, na siku ya kuikabidhi alimtaka karani aandike katika karatasi ya makabidhiano ya kuwa haina ufa wala alama ya maji, kisha wote wawili wakatia sahihi. Akaomba matokeo ya uchunguzi kwa maandishi pamoja na picha ya hayo maji. Hayakuja. Akaandika barua moja fupi kwa kampuni iliyoitengeneza mashine, akataja namba yake, tarehe ya kununua, tarehe ya kasoro na maneno ya karatasi ile. Muda si mrefu, duka likampigia simu kumwambia aje kuchukua kompyuta yake yenye skrini mpya, bila malipo. Alipiga hesabu ya nauli, chakula na siku zake za ruhusa, akaona ya kuwa skrini hiyo ya bure ilimgharimu si haba. Lakini aliipata.

Kilichomwokoa koplo si ukali wa maneno. Ni ule mwenendo tuliofundishwa siku ya kwanza jeshini. Hakuna askari asiyeijua kwa moyo namba ya bunduki yake. Ukimwamsha usiku wa manane ataitaja. Muulize askari huyo huyo namba ya kompyuta aliyoikopea fedha za mwaka mzima, atakutazama tu. Namba hiyo imebandikwa chini ya mashine. Ya Dell, kwa mfano, ina herufi na tarakimu saba tu. Kwa namba hiyo kila kampuni kubwa huweza kukuambia kupitia intaneti mashine yako ilitengenezwa kwa ajili ya soko gani, dhamana yake ilianza lini na itakwisha lini. Iandike katika daftari, mahali pengine mbali na mashine yenyewe, maana ikiibiwa namba itakuwa imekwenda nayo. Ndugu zetu wa polisi wao wana fundisho bora zaidi, la vielelezo. Polisi hapokei panga la ushahidi pasipo kuandika limetoka kwa nani, lini, likiwa katika hali gani, na nani amelipokea baada yake. Kompyuta iendayo kutengenezwa iendeshwe kama kielelezo, na nusu ya mabishano itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Stakabadhi ya duka, nayo, ni nusu ya dhamana. Kwa viwanda vingi, pasipo stakabadhi, siku za dhamana huhesabiwa tangu mashine ilipotoka kiwandani au ghalani, si tangu ulipoinunua wewe. Kompyuta iliyokaa miezi minane katika rafu ya muuzaji huwa imekula sehemu kubwa ya mwaka wako. Na wino wa stakabadhi za mashine ndogo za dukani hufutika kwa joto. Katika joto letu la mwezi wa Februari hufutika upesi. Ipige picha siku ile ile.

Hapa nataka kusema juu ya bidhaa zenyewe, maana Koboko si mji kama mingine. Mtu akisimama Salia Musala anaweza kugeuza uso katika nchi tatu. Bidhaa hutoka Juba zikapita Kaya na Oraba, hutoka Kongo zikapita Ariwara, huja kutoka Dubai kwa njia zote hizo na kwa Mombasa pia. Askari wetu waliotumika Somalia tangu mwaka 2007 nao wamerudi na kompyuta walizozinunua huko au njiani. Sina neno na biashara ya halali. Lakini dhamana za viwanda vingi hufungwa katika nchi au eneo ambalo mashine ilikusudiwa kuuzwa. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba huenda ikakataliwa na wakala wa Kampala, hata ikiwa mpya kabisa na ina siku kumi tu. Zipo alama za kuitambua kabla ya kutoa fedha. Ukiona vitufe vina herufi za Kiarabu kando ya zile za kawaida, fahamu ilikuwa inakwenda kwingine. Ukiona chaja ina meno mawili ya mviringo badala ya matatu ya pembe nne kama yaliyo katika kuta zetu, ilikuwa inakwenda Ulaya. Yapo makampuni ambayo dhamana ya baadhi ya mashine zao hutambuliwa nchi nyingi, na hilo nalo huonekana kwa kutazama namba. Mwenye kununua na aitazame namba hiyo akiwa bado amesimama dukani, fedha zikiwa bado mfukoni mwake.

Kisha kuna mashine zilizotumika, zilizofutwa vumbi na kutiwa katika boksi safi. Nyingi zilikuwa za ofisi za Ulaya na Marekani, na ni imara kuliko mpya za bei ya chini. Siwashauri askari wazikimbie. Lakini dhamana yake ya kiwandani aghlabu imekwisha kufa zamani. Ile "dhamana ya mwaka mmoja" ambayo muuzaji huiandika kwa kalamu juu ya stakabadhi ni ahadi yake yeye, si ya kiwanda, na nguvu yake ni nguvu ya duka lake. Duka likihama, ahadi imehama. Muuzaji anayeuza mashine iliyotumika kana kwamba ni mpya si mfanyabiashara; ni mtu wa magendo aliyevaa tai.

Na mafundi wa mitaani je? Yapo maneno mengi ya kuwadharau, nami siyaungi mkono. Katika vibanda vya Arua wapo vijana wenye mikono ya ajabu, ambao kwa bisibisi moja na kioo cha kukuzia hufufua mashine ambazo wakala wa mji mkuu angezitangaza kuwa mizoga. Dhamana ikiisha, hao ndio madaktari wetu. Shida ni kuwaendea kabla haijaisha. Fundi akiifungua mashine, akaivunja lakiri na kubadilisha kifaa, wakala hupata sababu aliyokuwa akiitafuta. Marekani wenyewe wamelishughulikia jambo hili: mwezi wa Aprili 2018 tume yao ya biashara iliyaonya makampuni sita juu ya kumwambia mteja kwamba dhamana imekufa kwa sababu tu ya kuvunja lakiri au kutumia vipuri vya wengine. Onyo hilo ni la huko. Mteja wa Koboko asilitegemee akiwa mbele ya meza ya Kampala. Akae na mashine yake mbovu kwa subira mpaka shauri la dhamana limalizike. Mgonjwa mmoja tu hasubiri, nayo ni betri iliyovimba. Ukiona kifuniko cha chini kinainuka au kibodi inatuna katikati, zima, chomoa chaja, usiitoboe wala usiilalie kitandani, na usiitie katika sanduku la nguo ndani ya basi la usiku lililojaa watoto wa watu. Piga simu kwanza uulize namna ya kuipeleka.

Liko jambo moja linalotuhusu sisi askari kuliko raia wengine, nalo nashangaa halisemwi. Kuipeleka kompyuta kwa wakala ni kumkabidhi mtu usiyemjua kila kilichomo. Mwanafunzi atapoteza insha zake. Askari anaweza kuwa na orodha ya majina ya wenziwe, picha za kambi, ratiba ya zamu. Mpelelezi anaweza kuwa na maelezo ya shahidi ambaye maisha yake yanategemea kutojulikana. Zaidi ya hayo, kiwanda kinapobadilisha diski iliyokufa, kwa kawaida huichukua ile ya zamani, na diski iliyokufa kwako si lazima iwe imekufa kwa mtaalamu. Makampuni makubwa yanajua hofu hii na huuza nyongeza ya dhamana inayomruhusu mteja kubaki na diski yake. Dell wanayo, na HP wanayo. Mali ya kazi ya serikali haipaswi kununuliwa pasipo nyongeza hiyo. Kwa mashine ya mtu binafsi, kanuni ni nyepesi na ni ya amri: kazi ya serikali isikae humo hata siku moja. Mambo yako mwenyewe nakili mahali pengine kila wiki, na ukiweza kuzifuta habari zako kabla ya kuikabidhi, zifute. Asitokee mtu wa kusema kwamba alikosa kudai dhamana kwa kuogopa siri za kikosi, maana siri za kikosi hazikuwa na ruhusa ya kuwamo.

Sheria nayo haijatuacha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inatambua ya kuwa bidhaa iuzwayo katika biashara iwe ya ubora unaostahili na iifae kazi iliyonunuliwa kuifanya. Jukumu hilo liko juu ya muuzaji mwenyewe. Kwa hivyo muuzaji anayesema "mimi nauza tu, nenda kwa mwenye kiwanda" anasema nusu ya ukweli. Na kwa kuwa kompyuta nyingi za askari ni za bei isiyozidi shilingi milioni 10, dai lake laweza kupelekwa kwa hakimu kwa njia ya madai madogo iliyowekwa kwa kanuni za mwaka 2011, ambayo husikilizwa upesi na bila mawakili, baada ya mdaiwa kupewa taarifa ya maandishi na kushindwa kulipa. Sipendi kuona sare zetu zimejaa mahakamani kwa ajili ya skrini na chaja. Lakini muuzaji anayejua ya kuwa mteja wake anaijua njia hiyo huwa mwepesi wa kusikia. Mteja mwenyewe naye asiende dukani na bunduki wala na kofia ya cheo. Aende na karatasi. Askari anayemtisha muuzaji huipoteza haki yake na kulitia aibu jeshi zima.

Yote niliyosema mpaka hapa ni kazi ya mtu mmoja mmoja, na koplo wa Koboko ametuonyesha mipaka yake: alishinda, lakini kwa mabasi mawili ya usiku na siku za ruhusa ambazo angekaa na watoto wake. Askari aliye katika zamu ya mpakani Oraba hana hata hizo siku. Kwa hivyo naona mzigo huu ubebwe kwa pamoja.

Vyama vyetu vya akiba ndivyo vinavyotoa fedha. Mwenye kutoa fedha ana sauti. Chama kinapotoa mkopo wa kununulia kompyuta, kingeweza kudai kabla ya kulipa ya kuwa namba ya mashine imetazamwa, dhamana inatambulika Uganda, na muuzaji amekubali kwa maandishi kuipokea mashine mbovu mjini Arua na kuirudisha mjini Arua kwa gharama yake. Muuzaji atakayekataa sharti hilo, askari wasinunue kwake kwa fedha za chama. Maduka ya Kampala yanahesabu sana. Yakiona wateja mia kadhaa wa mishahara ya uhakika wanahamia kwa jirani, wakala wa Arua atapatikana kabla ya msimu wa mvua kwisha. Arua imekuwa jiji tangu Julai 2020. Ina benki, chuo kikuu, hospitali ya rufaa na mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi, na yote hayo yanatumia kompyuta kila siku. Barabara ya lami inatoka Vurra mpaka Oraba. Kusema kwamba hapa hapana biashara ya kutosha kumweka fundi mmoja wa kiwanda na kabati moja la vipuri ni kusema jambo ambalo mtu hawezi kulisema akiwa amesimama katika soko la Arua.

Serikali nayo, inunuapo kompyuta za ofisi za wilaya, polisi na majeshi, inaweza kuandika sharti hilo hilo katika mikataba: mwenye kushinda zabuni awe na mahali pa matengenezo kwa ajili ya Nile Magharibi, na atozwe kwa kila siku ambayo mashine inakaa mbovu kupita muda uliokubaliwa. Sharti likiwekwa kwa ajili ya mashine za serikali, mwananchi wa kawaida atafaidika kwa mlango ule ule. Ila mazungumzo ya zabuni huchukua muda mrefu, na dhamana ya mwaka mmoja haingoji mazungumzo.

Wakati tunangoja, kila kikosi na kila kituo kina mtu anayetunza daftari. Afunguliwe ukurasa mmoja: jina la mwenye kompyuta, namba ya mashine, duka, tarehe ya kununua, tarehe ya mwisho wa dhamana. Zile zenye kasoro zikusanywe mara moja kwa mwezi, zifungwe vizuri, zipelekwe Kampala na askari mmoja aliyeteuliwa, akiwa na karatasi za makabidhiano za wote, naye arudi na majibu ya maandishi. Nauli ya mtu mmoja ikigawanywa kwa watu kumi haimuumizi yeyote. Na siku ya gwaride la mshahara, baada ya matangazo mengine, asomewe kwa sauti kila askari ambaye dhamana yake imebakiwa na siku 30, ili aende akaiwashe mashine yake, aijaribu betri, kibodi, skrini na matundu yote ya waya, na kama kuna kinachosumbua akiseme siku hiyo.